Shangazi Alipokwenda Kuniposea Kazi

Iko asubuhi moja naikumbuka, mwanangu, naikumbuka hata mbaazi zilivyozidi chumvi. Ilikuwa miaka ya themanini, nyumbani kwetu Mambrui, nami nimetoka chuo kikuu na shahada ya uhandisi wa mitambo. Mtaa mzima ukiniita Injinia, ila kazi sina. Nilichokitaka kwa roho yangu yote ni kiwanda kimoja cha Kilifi cha kukamua mafuta ya nazi, nacho kilikuwa kimeshanikataa. Baba alikuwa mgonjwa, wadogo zangu wakinitazama mimi. Nikikosa pale kabisa, ingenibidi niende Mombasa nikauze dukani kwa mtu, na masomo yangu yote yaishie hapo.

Shangazi yangu Zeituni alikuwa mshenga. Nusu ya ndoa za Mambrui zilipita mikononi mwake, na zile zilizovunjika alisema si zake. Asubuhi hiyo alinisikiliza nikilalamika, kisha akaweka kikombe chini.

"Ulipokwenda huko, uliwaambia nini?"

"Niliwaambia niliyosoma, Shangazi."

"Na wao wataka nini?"

Nikajishughulisha na mbaazi zangu.

"Loo! Umekwenda kuposa kwa watu, ukajisifu weye mpaka ukachoka, wala hukuuliza wenyewe wataka nini! Nani atakupa mke?"

Kesho yake akajitanda buibui jipya, akanibebesha sinia ya halua, tukapanda basi la Kilifi. Halua, mwanangu, kupeleka kiwandani! Nilitamani ardhi inimeze. Mkuu wa karakana, Bwana Katana, ndiye aliyenikataa, naye ndiye aliyetupokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huyu mmemkataa, wala hatukuja kugombana. Tumekuja kuuliza tu, amepungukiwa na nini?"

Bwana Katana alicheka, akaonja halua, akasema kweli. Vipuri vya mashine vilikuwa vikiagizwa ng'ambo, na vikichelewa kiwanda kizima husimama.

"Twataka mtu wa kuvitengeneza hapa hapa, mama. Vijana wa chuo hesabu wazijua, lakini mashine ya kukereza chuma hawajaishika."

Nami kweli sikuwahi kuishika. Niliona haya, lakini mficha uchi hazai, nikakiri mbele yao.

"Basi mfunzeni," akasema Shangazi. "Na nyinyi, hicho chuo mmewahi kukiambia mwataka vijana wa namna gani?"

Bwana Katana akakirudisha kipande cha halua kwenye sinia. "Hatujawahi, mama."

"Huku hawaulizi, huku hawasemi, halafu mwashangaa ndoa hakuna!"

Siku ile ile nikachukuliwa kuwa mwanagenzi. Mambrui walicheka, eti Injinia amegeuka fundi. Waache wacheke, mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama. Na zile hesabu za chuo hazikupotea, kwani nilipokwisha kujua kukereza, zilinionyesha chuma gani kitadumu na kipi kitavunjika. Kipuri cha kwanza nilichokichora na kukikereza mwenyewe kilipoingia mahali pake, na mashine iliyosimama ikanguruma, nililia mbele za watu.

Baadaye Bwana Katana alifunga safari hadi chuoni, na wanafunzi wakaanza kuja kwetu wakati wa likizo kujifunza kazi. Wa kwanza wao nilimfunza mimi. Shangazi hayupo tena, Mungu amrehemu. Nyumba niliyojenga, watoto niliosomesha, vyote vilianzia kwenye swali lake, na kila nikimwombea dua moyo hunijaa shukrani.

Sasa unakwenda chuo wewe, mwanangu. Soma, wala hesabu usizidharau. Ila usingoje kumaliza ndipo ubishe mlango wa kazi. Nenda ungali mwanafunzi, uliza wanahitaji mtu wa namna gani, kisha urudi uwaambie na walimu wako. Na siku ukiwa mkubwa kazini, usikae ukilaumu chuo. Enda ukaseme unachotaka. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Nenda salama. Mola akufungulie, akujaalie kazi unayoitaka, nayo ikutake.