Vitanda Vilivyonyooka

Enzi za Ujamaa nilikuwa nesi mpya katika chumba cha dharura cha hospitali moja upande wa Kibaha. Dawa zilikuwa za kubahatisha, lakini rangi nyeupe tulikuwa nayo tele, maana kiongozi kutoka mkoani alikuwa anakuja kututembelea. Sista mkuu akaamuru kila kitanda kichorewe alama nne sakafuni, moja kwa kila mguu, visije vikaenda upande mbele ya mgeni. Kazi ya kuchora nilipewa mimi. Sijapata kujivunia cheti kama nilivyojivunia alama zile.

Asubuhi ya ugeni, lori la kijiji likatuletea mzee kutoka Kwala, tumbo limevimba, pumzi inakuja kwa kubembelezwa. Daktari alimtazama, akatutazama sisi, akaandika dripu. Sote tulijua haitamponya. Ilikuwa ya kutufanya tuonekane tuko kazini.

Mzee mwenyewe aliijua safari yake. Dripu hakuiuliza. Alitaka jambo moja tu.

"Mwanangu, nigeuzieni kitanda. Nielekee kibla."

Kulala ubavu hakuweza, kwa maumivu. Kitanda kilitazama mlangoni, na kibla ni upande wa dirisha. Mimi, binti wa mwalimu wa madrasa, niliyefundishwa kuelekea kibla kabla ya kufundishwa kuvaa viatu, nikamjibu: "Vumilia kidogo, mzee. Mgeni apite kwanza."

Mkewe, bibi mfupi mwenye kanga iliyopauka, hakungoja mgeni. Nilipokwenda kuchemsha sindano alikisukuma kitanda peke yake. Niliporudi, mzee anatazama dirishani, uso umetulia, na alama zangu ziko wazi sakafuni. Nikakirudisha. Nilipotoka tena, akakigeuza tena. Mara ya tatu nilikirudisha kwenye alama, nikamshika mkono, nikampeleka nje kwenye benchi angoje saa ya kuona wagonjwa. Nilifanya hivyo kwa adabu zote, na shikamoo nikampa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Adhuhuri ikapita. Alasiri wakatuletea habari kwamba mgeni amekwenda kukagua mikorosho ya kijiji kingine, na kwetu hafiki.

Nikakimbilia kitanda cha mzee ili nikigeuze. Alikuwa amekwisha kata roho, macho wazi, yanatazama ule mlango ambao mgeni hakuupita. Niliona haya, na hadi leo naona haya.

Nikamwita bibi. Aliingia bila kulia, akamfumba mumewe macho, akamfunika kwa kanga yake. Kisha akaangalia safu nzima ya vitanda, toka ukutani hadi mlangoni.

"Ahsante, mwanangu," akaniambia. "Vitanda vyenu vimenyooka kweli."

Nami, kwa mazoea ya kuagana na wageni, nikamjibu: "Karibu tena, bibi."