Kidole cha Mwalimu Juu ya Santuri

Usiku ule niligeuka kitandani mpaka shuka likachomoka pembe zote nne, na nilijua vizuri kilichoninyima usingizi. Lilikuwa neno moja la Mama Mwalimu. Mchana wake alikuja studio kwangu, hapa Iringa mjini, kusikiliza kazi aliyonipa. Mumewe, Mwalimu Ngimba, aliyeifundisha kwaya ya parokia yetu hadi mvi zikamjaa, alikuwa anatimiza mwaka tangu afariki, na Jumapili ingesomwa misa ya kumbukumbu. Mama alitaka watu wakitoka kanisani wasikie santuri aliyoipenda marehemu: wimbo wa mwimbaji mmoja wa Kiitaliano, tenori, uliorekodiwa zamani mno, kabla ya maikrofoni, wakati mtu alisimama na kuimba ndani ya pembe ya bati.

Nilikuwa nimeisafisha santuri ile kwenye kompyuta kwa wiki nzima. Nilifuta mikwaruzo, nikafuta ule mvumo wa mvua isiyokatika, nikafuta hata pale mwimbaji anapovuta pumzi, maana pumzi nayo niliiona uchafu. Nilijiona fundi. Mama akavaa hedifoni, akasikiliza mpaka mwisho, akazivua taratibu na kuzipanga mezani.

"Anaimba vizuri huyo," akasema.

Huyo! Santuri iliyopigwa sebuleni kwake tangu alipoolewa, leo anamwita mwimbaji wake huyo, kama mpita njia. Akanishukuru, akajifunga khanga vizuri, akaondoka. Na mimi, badala ya kumkimbilia nimuulize, nikajifanya nina kazi.

Nilijifanya hivyo kwa sababu kuna jambo baina yangu na marehemu. Nilipokuwa na miaka ishirini na mbili nilirudi kutoka Dar es Salaam na cheti cha ufundi wa sauti, kichwa kimejaa upepo. Nikarudi kwenye kwaya, sauti ya tatu. Mwalimu alikuwa na desturi yake: akitaka tujifunze kwa yule Mwitaliano, aliiweka santuri kwenye gramafoni aliyoachiwa na padri mmoja mzee, kisha akagusisha kidole gumba ukingoni mwa santuri, kidogo tu, ikazunguka polepole kuliko ilivyotaka yenyewe. Siku hiyo nikasimama mbele ya kwaya nzima, na paroko yupo, nikasema kwa sauti ya kufundisha watu: "Mwalimu, santuri ni mizunguko sabini na nane kwa dakika. Unaishusha kwa sababu nota ya juu huiwezi."

Watu walicheka. Paroko naye alicheka. Mwalimu akatoa kidole chake, akakitazama, akakifuta kwenye suruali. Tangu siku hiyo hakuigusa tena santuri mbele yetu, na ule wimbo hatukuuimba tena. Alinisalimia vilevile, alinialika harusi ya bintiye, na alipougua nilimpelekea matunda hospitali, nikaongea habari za mvua. Sikuwahi kuomba radhi. Nilikuwa najiambia, si nilikuwa sahihi?

Basi usingizi ukanichukua hivyohivyo, nikiwa nimekasirika na sijui nimemkasirikia nani.

Nipo kwenye chumba cha mazoezi, kile cha nyuma ya kanisa. Mabenchi yamejaa, lakini wote wamenipa migongo. Nilijua ni wao kwa makoti yao, maana kwetu Juni hakuna anayeimba bila koti. Mwalimu akaingia na sweta lake la kijivu lililochakaa viwiko, akanipita bila kunitazama, akaenda kwenye gramafoni na kuanza kuuzungusha mkono wa chuma wa mashine hiyo. Nikataka kumwambia Mwalimu wewe umekufa. Nikaona ni utovu wa adabu kumkumbusha.

Wimbo ukaanza. Ni ule wa kwangu, msafi, hauna hata chembe. Sauti ikatoka mbio. Mwalimu akaanza kuifuata, kwanza kwa hatua za kawaida, kisha akikimbia, akatoka mlangoni, nami nyuma yake, tukiteremka kwenye msitu wa misonobari ulio chini ya misheni. Sauti iko mbele yetu siku zote. Tukifika ilipokuwa, imeshahama. Mwalimu anahema. Nilimwomba apumzike, naye hakusikia.

Kisha si msitu tena. Ni chumba chenye mapazia mazito, kuna piano, na ukutani imechomoza pembe kubwa ya bati. Yule tenori amesimama mbele yake, mtu mzima, mnene, kifua kimemjaa. Anafungua mdomo na inatoka sauti ya kijana mwembamba, nyembamba na ya haraka, inatetemeka kama mbuzi anayevutwa kamba. Ananigeukia akiwa bado anaimba. Usoni ana aibu, aibu ya mtu aliyevalishwa nguo za mwanawe mbele za watu.

Nikageuza uso, na nilipomrudia alikuwa Mwalimu.

Mwalimu anaimba, na havuti pumzi. Mstari unaisha, mwingine unaanza papo hapo, hana nafasi. Mishipa ya shingo imesimama, midomo imeanza kuwa ya bluu, macho yananitaka nifanye jambo. Nilikimbilia kompyuta yangu, ipo pale juu ya piano, nikatafuta zile pumzi nilizozifuta, nikabonyeza huku na kule, sizioni. Nilikuwa nimezifuta kabisa. Nikalia kwa sauti, nikisema namuua mtu, namuua mtu kwa mara ya pili.

Mkono wake ukanishika kiganja. Ulikuwa wa baridi, na una chaki. Akaikunjua ngumi yangu bila haraka, akachukua kidole gumba changu, akakiweka ukingoni mwa santuri inayozunguka. Nilihisi ukingo ule ukinikwaruza ngozi.

"Punguza," akasema.

Nikakaza kidogo. Sauti ikashuka. Ikashuka tena kidogo, ikatua, na humo ndani akatokea mwanamume. Ule mtetemo wa mbuzi ukawa wimbi pana la mtu anayejua anachokiimba. Piano nayo ikatulia chini yake. Halafu, waziwazi, nikasikia akivuta pumzi. Mwalimu akafumba macho, naye akavuta.

Nilishindwa kujizuia. "Mwalimu, nisamehe," nikanong'ona.

Akafumbua macho, akanitazama kwa mara ya kwanza. Hakuwa na hasira hata kidogo, na ningependa angekuwa nayo.

"Mbona unanong'ona?" akaniuliza. "Siku ile hukunong'ona."

Nikaamka nimekaa kitandani, kidole gumba nimekibana kwenye ukingo wa kabati. Nje majogoo walikuwa wameanza. Sikunawa uso. Niliingia studio, nikafungua ile rekodi mbichi, kabla sijaisafisha, na kitabu cha nota kilichokuja pamoja na santuri. Kitabu kinasema wimbo unaanza kwa nota ya F. Nikaibonyeza F kwenye kinanda: mwimbaji wangu yuko nusu toni juu yake, na piano inayomsindikiza imepanda naye. Nikapunguza mwendo. Sabini na sita, bado. Sabini na tano, bado. Sabini na tatu na kitu, wakakaa wote wawili pale walipoandikiwa. Siku zile za mwanzo za kurekodi kila fundi aliizungusha santuri kwa mwendo alioujua yeye, na mimi, mwenye cheti, sikujishughulisha kuuliza. Mwalimu alikuwa amelisikia jambo hilo kwa masikio matupu, akalirekebisha kwa kidole.

Nilimpigia Mama Mwalimu jua halijatoka vizuri.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Kuna usalama?"

"Upo, Mama. Naomba usikilize kidogo." Nikaisogeza simu kwenye spika. Wimbo ukapita wote, na mikwaruzo yake na pumzi zake. Ulipoisha nikairudisha simu sikioni.

"Ndiye," akasema. Sauti yake ilikuwa imelowa. "Ndiye huyo wa kwetu."

Nikamweleza ndoto yote, sikuacha kitu. Nikamwambia Mwalimu alikuwa sahihi siku ile na mimi ndiye nisiyejua, na kwamba naomba anisamehe kwa niaba yake.

"Mimi hukunikosea," akasema. "Ulimvua nguo mbele ya kwaya."

"Ndiyo, Mama. Basi Jumapili, kabla ya kuupiga wimbo, naomba nisimame niseme."

Nikasikia akivuta kiti na kukaa.

"Waliocheka siku ile wamebaki wanne," akasema. "Na mmoja wao, Lukelo, masikio yamekwisha. Itabidi upaze sauti."

Nikamwambia nitapaza.