Siku Khocha Alipowapiga Njiwa Wangu

Harufu ya mahindi yaliyoanikwa kwenye turubai ilijaa uani kwetu Kibomet, mjini Kitale, likizo nzima ya Desemba, na mahindi hayo ndiyo yaliyowaleta njiwa. Walikuwa njiwa mwitu, wa rangi ya majivu, wenye mstari mweusi shingoni, na mama alinikalisha pale na fimbo ili niwafukuze. Kazi hiyo niliifanya ovyo, maana niliwapenda mno. Nilipenda walivyotembea wakitikisa vichwa kama watu wanaokubaliana na kila neno, na ile sauti yao nzito iliyonifanya nisinzie mchana.

Mwaka huo kaka mdogo wa mama, ambaye kwetu tunamwita Khocha, yaani mjomba, alikuja kutoka Bumula kusaidia kupukuchua. Alikuwa na simu ya kamera, ya kwanza kuingia nyumbani mwetu, na badala ya kunigombeza kwa uvivu wangu, alinipa niwapige picha. Alinifundisha kukaa kimya, kumwaga punje karibu nami zaidi kila asubuhi, na kuvaa sweta ileile ili wanizoee. Jioni aliniuliza nimepiga wangapi, nami nikamwonyesha. Nyingi zilikuwa ukungu mtupu, na moja ilikuwa mkia tu, lakini alizitazama zote na kunisifu. Hakuna mtu mzima aliyewahi kunijali namna ile. Kufikia Krismasi njiwa walikuwa wanakula karibu na vidole vyangu vya miguu.

Jioni moja akaniambia, "Kesho uwaite mapema. Nitawapiga wote mala moja."

Nikaelewa ni picha ya pamoja, kama ile ya darasa shuleni. Asubuhi nikaoga, nikachana nywele, nikijua huenda nami nitatokea. Nikamwaga punje, wakashuka. Khocha akatokea nyuma ya jikoni na wavu wa goli aliouazima uwanja wa kanisa, akaurusha juu yao na juu ya miguu yangu, kisha akaokota fimbo akaanza kupiga. Walionisogelea zaidi ndio waliokufa kwanza.

Gunia la njiwa hao likaenda Kamukuywa, kwa baba wa binti ambaye Khocha alikuwa akimposa, mzee aliyesifika kwa kupenda supu ya njiwa. Mama aliponikuta nalia akashangaa kweli. "Si alikuambia atawapiga? Ati wewe ulidhani nini?" Nikasema nilidhani ni picha, na nyumba nzima ikacheka mpaka watu wakashika mbavu. Kicheko hicho kiliniuma kuliko wavu, kwa sababu Khocha alijua nilichodhani. Aliniona nikichana nywele, akatabasamu, akanyamaza.

Ndoa ilifungwa, na hadi leo kila jamaa wakikutana kisa hicho hutolewa kama kichekesho. Husemwa kwamba Khocha ni mtu mwema, na pengine ni kweli. Watoto wake wananipenda sana. Mimi sijamsamehe. Siku hizi nina nyumba yangu papa hapa Kitale, na kamera nzuri, na njiwa hutua uani karibu kila asubuhi. Nawapiga picha kutoka dirishani, kwa mbali, na siwatupii hata punje. Nikifungua mlango tu, wanaruka wote kwa pamoja, nami ninafurahi kuona wananiogopa.