Dereva wa Birmingham anayetaka kuhesabiwa kwao

BIRMINGHAM, Novemba 1973

Saa kumi na moja na robo alfajiri, Baldev anapangusa ukungu kwenye kioo cha basi lake la ghorofa. Anapanda kwenye chumba cha dereva, chenye mlango wake na kiti kimoja tu. Nyuma kondakta anapiga kengele mara mbili. Basi linaondoka kuelekea Sparkhill.

Hadi mchana atakuwa amebeba mamia ya watu katika barabara ya Stratford, na hatazungumza na hata mmoja. Kioo kinamtenga nao.

"Wakishuka nawaona kwenye kioo cha pembeni," anasema. "Migongo tu."

Kiswahili chake ni cha Nakuru, alikofanya kazi gereji miaka kumi na moja kabla ya kuja hapa mwaka 1968. Mkewe alifariki hukohuko, na hawakujaliwa mtoto. Sasa ana miaka arobaini na minne na anapanga chumba kimoja Sparkhill. Akirudi kazini huwasha redio kwanza, ndipo avue koti.

Dereva huyu alizaliwa mahali ambapo basi halifiki. Kutoka Nangal Sohan, kijiji kidogo cha Punjab, hadi barabara ya lami ni maili sita. Mama yake ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Masika yaliyopita majirani walimpakia kwenye gari la ng'ombe wampeleke hospitali. Magurudumu yakazama matopeni, wakamrudisha nyumbani.

Kampuni ya mabasi ya wilaya hiyo ina sharti: basi huenda kwenye kijiji chenye watu mia tano au zaidi. Mwaka 1971, katika sensa, walipatikana mia nne tisini na watatu.

"Mama alimwambia karani kwamba mimi nipo, nimekwenda kisimani," Baldev anasimulia. "Karani akasema atanisubiri. Akanywa chai vikombe vitatu. Jua lilipozama, akakata jina langu."

Anacheka, kisha anaangalia viatu vyake.

Januari ijayo kampuni itahesabu tena yenyewe, na atakayehesabiwa ni aliyelala kijijini usiku wa kuamkia hesabu. Barua ya mama, iliyoandikwa na mwalimu wa shule, inasema watoto wamezaliwa na sasa wamefika mia nne tisini na tisa. Haikuomba kitu. Ilitaja idadi hiyo, ikaishia na salamu.

Baldev alianza kwa kumwendea Kewal, mtu wa kwao anayefanya kazi kiwandani.

"Nivuke dunia nzima nikahesabiwe kama mbuzi?" Kewal alimjibu. "Nenda wewe. Wewe huna wa kumuaga."

"Alisema kweli," anasema Baldev.

Akaomba likizo ya wiki sita bila mshahara. Anapata pauni ishirini na nane kwa wiki, na nauli imekula akiba ya miaka miwili.

Wakati wa mapumziko, kondakta wake Ussi, kijana wa Unguja, anamletea chai dirishani.

"Mzee Baldev, pale juu leo wamejaa kuliko kijiji chako."

"Nikopeshe hao, Ussi. Nataka mmoja tu."

"Huyo mmoja si wewe? Na ukisharudi huku, wakibaki pungufu, basi si litaondolewa?"

Baldev anazungusha kikombe mikononi. Chai inapoa.

"Nimekata tiketi ya kwenda," anasema hatimaye. "Ya kurudi bado."

Ussi hatanii tena. Anauliza kama kule wanahitaji madereva.

"Sijui. Nitauliza," anajibu Baldev. "Nimeendesha magari tangu Nakuru, na mama hajapanda hata moja. Nataka akae nyuma yangu, na pasiwe na kioo katikati. Aniambie mwenyewe pa kusimama."

Anarudisha kikombe, anafunga mlango wake, anasubiri kengele.