Nilimuunguza Mdomo Mshenga Wangu

Kosa ni langu. Naanza na hilo kabla hamjanihurumia, maana nikianza kueleza mtadhani najitetea. Jina langu msiliulize. Hapa Mtwara tunajuana.

Nilikuwa karani kwenye ghala la korosho, kijana wa kidato cha nne, kalamu mfukoni, kiburi kichwani. Na sigara mdomoni! Nilianza kuvuta shuleni, nyuma ya bweni, na nilipopata mshahara ndiyo nikavuta kweli kweli.

Halafu nikampenda Monika. Baba yake ni karani wa bandari, watu wa bara, wanakaa Ufukoni. Mdogo wake huyo mzee alikufa kwa kifua, na sigara haikumtoka mkononi mpaka siku ya mwisho. Kwa hiyo posa yangu ilipofika mzee alisema neno moja tu: mvuta sigara hamuoi binti yangu. Aache kwanza, na mshenga wake aje kunithibitishia kwa kinywa chake.

Nikaacha. Siku hiyo hiyo!

Jamani, msidanganywe. Kuacha ni rahisi, kazi ni kukaa bila. Mikono yangu haikujua pa kukaa. Nikinywa chai, nataka. Nikifunga daftari, nataka. Nilitafuna karafuu, mihogo mibichi, njiti za kiberiti mpaka fizi zikatoka damu. Usingizini nilivuta, nikaamka natubu kama nimeiba. Wiki ya tano bado mwili ulidai, na kila mtu nikamwona adui.

Mshenga wangu alikuwa Gervas, mpima mizani wa ghala letu. Mimi Myao, yeye Mngoni wa Songea, kwa hiyo ni mtani wangu. Wazazi wangu wako mbali, Tunduru, na Gervas ni mtu mzima anayejua kusema, ndiyo maana nikampa mzigo huo. Lakini Gervas anavuta! Na mtani, mnajua wenyewe, hana breki.

"Mtani, njoo unuse," alikuwa akinipulizia moshi usoni. "Kunusa hakuvunji posa!"

Mara anipachike sigara sikioni. Mara awaite wapagazi, "Njooni mwone! Babu zake tuliwakimbiza kwa mikuki wakaacha mboga jikoni. Huyu mjukuu anakimbizwa na kijiti cha karatasi!"

Ghala zima linacheka. Mimi nacheka meno tu.

Jumatano moja, zikibaki siku tatu aende kunithibitishia kwa mzee, Gervas aliweka sigara inayowaka ukingoni mwa meza yangu, akaenda kupima gunia. Moshi ukanijia taratibu. Sijui mkono ulitoka wapi! Nilivuta mara mbili, ndani kabisa, macho nimefumba. Nilipofumbua, Gervas kasimama mbele yangu.

"Ahaa! Karani kaanguka! Jumamosi nitasema yote kule Ufukoni, neno kwa neno!"

Wapagazi walipiga makofi. Ulikuwa utani, leo najua. Siku ile sikujua kitu. Nikasema moyoni: mdomo huo hautafika Jumamosi.

Nyuma ya ghala kina mama walikuwa wakibangua korosho. Mtoto yeyote wa huku anayajua mafuta ya ganda la korosho. Yakikugusa, ngozi inababuka. Wao wenyewe hujipaka majivu mikononi kabla ya kushika. Nikaenda kwa Bibi Asumini, mkubwa wao, nikamwomba kidogo kwenye kichupa.

"Ya nini, mwanangu?"

"Mchwa, bibi. Wanakula miguu ya kitanda."

"Haya. Usijishike macho, utanililia hapa."

Sasa, Gervas hakuwa mtu wa kumaliza sigara. Akivuta nusu huizima, kipisi anakitia kwenye kopo juu ya mizani. Alhamisi alipokwenda kula nilichukua kipisi chake, nikachovya njiti, nikapaka ncha ya kushikia mdomoni. Rangi ya mafuta na rangi ya karatasi iliyokwisha kulowa mate ni moja. Mkono haukunitetemeka hata kidogo! Niliona raha kuliko ile mivuto miwili ya jana.

Akarudi, akakiwasha, akakinyonya mpaka vidole vikakaribia kuungua. Jioni alikuwa anajilamba lamba. Ijumaa alikuja kafunga leso usoni. Midomo imevimba kama maandazi, malengelenge mpaka ulimini.

"Vipi mtani," nikamuuliza mbele ya watu wote, "leo hakuna hadithi ya mikuki?"

Bibi Asumini akapita na ungo wake. Akamfunua leso, akatazama, akanigeukia mimi.

"Hii ni korosho! Mwanangu, mchwa wako wamehamia mdomoni mwa mtu?"

Hakuna aliyecheka. Wapagazi walinitazama kama nimejisaidia kisimani. Gervas alinyanyua kidole, akasema kwa shida, maneno yakimtoka na mate, "Kesho nakwenda." Basi.

Na mimi, badala ya kupiga magoti, nikamjibu, "Nenda. Utasema kwa mdomo gani?"

Alikwenda. Jumapili Monika alinisubiri nje ya kanisa, amebeba kitambaa cha gauni nilichompa, kimefungwa kwenye gazeti. Hakulia. Angelia ningepata nafuu.

"Baba alimuuliza, kijana ameacha? Akajibu, ameacha. Alianguka mara moja, akaamka."

"Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo. Halafu baba akataka kujua mdomo umepatwa na nini. Akakataa kusema. Baba akamkazania mpaka akasema, ni huyo huyo kijana."

Nikalitazama lile gazeti mkononi mwake.

"Wiki iliyopita Gervas alikuja nyumbani kukusifia," akaendelea. "Anasema, namchokoza makusudi nimpime, namtilia moshi puani kila siku, na hajanirushia hata neno. Mtu huyo ana moyo. Baba alikwisha kukubali! Sasa anasema, mtu anayemuunguza mtani wake kwa sababu ya sigara, siku akikosa chumvi atamuunguza mke."

Akaniwekea kitambaa mikononi, akaondoka. Mwaka haukwisha akaolewa na mwalimu, akahamia Lindi.

Sasa nitasema ukweli, maana ungamo la nusu si ungamo. Bado nina hasira na Gervas. Kunipima! Nani alimtuma anipime? Mtu ana kiu, wewe unamwagia maji mchangani mbele yake, halafu unasema unampima? Midomo yake ilipona, yenye mabaka meupe pembeni. Anafanya kazi yake, namfanyia hesabu zake, na hanitanii tena. Ananiita "karani". Nikifiwa leo, hakuna Mngoni mji huu atakayekuja kunichekesha msibani, kama ilivyo kazi ya mtani. Hilo linaniuma kuliko nilivyodhani, na kuniuma huko nako kunanikasirisha.

Ninyi mnaoacha sigara, na ninyi mnaokaa nao, sikieni. Kiu ile huja ikapanda, ukiivumilia hushuka. Ikikupanda, toka nje, koga, tafuna chochote, lia ukitaka. Lakini usiitafutie mtu wa kumlaumu! Maana ukimtafuta utampata, hakosi. Mimi nilimpata wangu, nikamlipa barabara, nikashinda. Na asubuhi ya Jumatatu nilipokaa mezani pangu bila mtani na bila mchumba, bado nilitaka kuvuta.