Gari Moja Hadi Lusewa, Isidori Abaki Wapi?

Saa nane mchana mvua imetulia kidogo Songea, na Isidori Mbawala yuko juu ya keria ya basi kuukuu, anapokea godoro. Ubavuni limesimama basi kubwa lililoingia kutoka Mbeya. Hilo haliendi mbele. Tumbo lake liko chini mno kwa tope la njia ya Lusewa, kwa hiyo abiria wa huko hushukia hapa na vyote walivyobeba, wakapanda hili kuukuu lenye miguu mirefu.

Kuhamisha mizigo hiyo ndiyo kazi ya Isidori, mwaka wa ishirini na mbili huu.

"Shikamoo baba," anaita Careen Komba, abiria aliyekumbatia cherehani kama mtoto mchanga.

"Marahaba mama. Unashukia wapi?"

"Lusewa, mwisho wa gari."

"Basi lete. Wa mwisho kushuka ndiye wa kwanza kupakiwa. Huyu tutamlaza kwenye godoro, asisikie hata shimo moja."

Dereva Swalehe amechoka kungoja. "Mzee, unapakia au unatandika kitanda?"

"Natandika. Ukifika kwenye makorongo utajua kwa nini."

Siku ikiwa njema hupata shilingi elfu kumi na mbili. Kwa hizo, yeye na mkewe Rosemary wamesomesha watoto wanne. "Kama kula muwa," anasema, "pingili kwa pingili."

Sasa muwa unaisha. Mwisho wa mwezi tajiri wa mabasi anaanza kutumia gari jipya, kubwa na lililoinuka, litakalotoka Mbeya moja kwa moja hadi Lusewa. Kushuka Songea hakuna tena, kuhamisha hakuna. Abiria wanashangilia, na Isidori hawalaumu.

"Nani anapenda kushushwa mvuani na mtoto mgongoni? Hata mimi ningefurahi. Ila sufuria ya nyumbani haijui kufurahi."

Aliomba asafiri na gari hilo kama mpakiaji wake. Msimamizi wa kituo, Joachim Haule, akazitazama mvi zake. "Mzee wangu, una miaka hamsini na tisa. Ukianguka kwenye keria, nitamwambia nini mama?"

Isidori akarudi kwenye mizigo yake. Wiki iliyopita gari lenyewe likaletwa. Alilizunguka pole pole, mikono nyuma, kisha akaenda ofisini kwa Joachim.

"Bosi, mbona sioni keria?"

"Halina. Mizigo inakaa kwenye buti, chini."

"Sasa mimi nitaanguka kutoka wapi?"

Joachim alicheka hadi akafuta machozi. Akampa safari moja ya majaribio, Jumatatu hii. Kila mzigo ukishushwa kwenye kituo chake bila kufukua wa mwenzake, kazi ni ya Isidori.

Kinachomtia wasiwasi ni njia. "Miaka yote nawapeleka watu Lusewa, mwenyewe sijafika. Nawajua kwa magodoro yao tu."

Nyumbani Majengo, Rosemary ameshamfulia koti.

"Siombi kuonewa huruma," Isidori anasema. "Mizigo ikishuka salama, nirudi na gari. Isiposhuka, waniache hukohuko nirudi kwa miguu."

"Kwa miguu!" Rosemary anadakia. "Nenda ukapange mizigo ya watu, baba Egidi. Mimi ugali nausonga wa mtu anayerudi na gari."