Kichwa cha Mtoto Kinashikwa na Nani

Siku ile nyumbani tulikuwa hivi: mimi, kifungua mimba; dada yangu anayenifuata; mdogo wetu wa mwisho, mwenye kikohozi; baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, aliyefika kwa pikipiki kutoka Kitshanga; shangazi, dada yao; jirani yetu wa upande wa chini, mama wa kikundi cha maombi; na mwishoni kabisa, mwanamke mzee anayekata virimi. Mbuzi wa jirani naye aliingia mara mbili. Huyo peke yake hakutoa ushauri.

Baba alikufa nikiwa darasa la sita la msingi. Niliacha shule, nikashika jembe lake. Mama naye alimfuata baba wakati mdogo wetu bado ananyonya, nikashika na mtoto. Kwa muda wote uliofuata ndugu zetu walituheshimu sana. Walituachia uhuru kamili wa kulima, kuvuna, na kulala bila kula, wasituingilie hata kidogo. Lakini mtoto yuleyule akianza kukohoa kwa sauti inayofika barabarani, ukoo mzima unaamka na kukumbuka kwamba yeye ni damu yao.

Alianza kukohoa mvua zilipoanza. Mchana alikuwa mzima, akikimbiza vifaranga na kuanguka kwenye matope kama kawaida. Akilazwa tu, pua inaziba, anapumua kwa mdomo, kisha kikohozi kinamkalisha kitandani akilia kwa hasira. Milima yetu ya Masisi ina baridi ya kutosha kuwagawia watu wa nchi nyingine, na nyumba yetu ya mbao ina nafasi kati ya ubao na ubao. Nilimshika kifuani usiku mfululizo, na asubuhi ile nikambeba mgongoni hadi kituo cha afya.

Muganga wa kituo, kama tunavyomwita tabibu wa hospitali, alimfunua kifua, akatazama mbavu zake zinavyopanda na kushuka huku akiangalia saa, akamsikiliza mgongoni kwa muda mrefu. Akasema mapafu ni mazuri. Ni mafua, kamasi zinashuka kooni akilala, ndiyo maana anakohoa usiku. Nichemshe maji, nitie chumvi kidogo sana, yapoe, nimdondoshee puani kabla ya kulala. Kwa kuwa amepita mwaka mmoja, anaweza kupewa asali kidogo jioni. Anywe vitu vya uvuguvugu mara nyingi, nimwinue kidogo upande wa kichwa, na nimtoe kabisa kwenye moshi. "Akianza kupumua mbio, ao mbavu zikiingia ndani, ao akikataa kunywa, umulete hata usiku," alisema. Nikamshukuru, nikarudi nyumbani mikono mitupu.

Hapo ndipo kosa langu lilipoonekana. Kwetu, mgonjwa anayetoka kwa muganga bila kifuko cha vidonge ni kama mtu aliyekwenda sokoni akarudi na hadithi za sokoni. Nilipofika, shangazi na baba mdogo walikuwa wameketi ndani, na jirani yetu amejaa kwenye kiti kimoja chenye mgongo.

"Alikupatia dawa gani?" aliuliza baba mdogo.

"Alinielekeza maji ya chumvi, Baba."

"Chumvi ya namna gani?"

"Ile ya kupikia."

"Na sindano?"

"Hakuna."

"Sirop?"

"Hakuna."

Baba mdogo alimgeukia shangazi kama mtu anayeita shahidi. "Unasikia? Amepanda mulima muzima na mutoto mugongoni, bamemuambia arudi ku sahani yake."

"Huyo si muganga," alisema shangazi. "Huyo iko mupishi."

Wakaanza kazi. Shangazi alikuwa amekuja na chupa ya siagi ya ng'ombe kutoka kwa wachungaji wa Kirolirwe, siagi ya zamani, ambayo harufu yake ilifika kabla ya yeye mwenyewe. Alitaka kuitia puani mwa mtoto. Nilimwambia pua imeziba tayari, siagi itapita wapi. Akanijibu kwamba hilo ndilo swali la mtu ambaye hajawahi kuzaa. Mimi ni mwanaume, sitazaa, ila nilikiziba kile kipua kwa mkono wangu, na yeye akaishia kumpaka utosini, miguuni na masikioni, mtoto akang'aa kama kiatu cha mchungaji wa kanisa siku ya ubatizo.

Jirani yetu aliamini kwamba adui ni baridi. Akafunga dirisha. Akaziba nafasi za mbao kwa matambara. Akamvalisha mtoto sweta juu ya sweta, na kofia juu ya kofia, hadi mikono yake haikuweza tena kushuka. Kisha akaenda jikoni, akaleta mbabula yetu, lile jiko la makaa, akaliweka katikati ya chumba, na juu ya makaa akamwaga majani mabichi ya mikaratusi. Moshi ulipanda kwa heshima zote. Ulienda juu, ukakuta bati, ukakuta dirisha limefungwa, ukarudi kuketi pamoja nasi.

"Apumue hii," alisema. "Kifua kinafunguka."

"Mama, muganga alisema moshi hapana."

"Hii si moshi. Hii ni dawa ya majani."

Mtoto alikohoa. Wote wakaitikia kwa vichwa: mnaona. Kila alipokohoa, jirani aliongeza majani, na kila alipoongeza majani, mtoto alikohoa, na hivyo kila mmoja alipata uhakika kwamba ugonjwa ni mkubwa kuliko tulivyodhani. Nilitaka kutoka naye nje. Baba mdogo akanyoosha mguu mlangoni.

"Kaa. Minajua hii ugonjwa. Ni kirimi."

Kirimi ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma kabisa ya koo. Kila mtu anacho, na kwetu kimeshitakiwa kwa makosa yote ya watoto: kukohoa, kutapika, kukonda, hata kuchelewa kusema. Hukumu yake ni moja, kukatwa. Baba mdogo akasema amekwisha kumtumia ujumbe mama mzee anayekata, na yuko njiani.

Nilikuwa miongoni mwa vijana waliobeba kwenye kipoyi, machela yetu ya miti, mtoto wa ng'ambo ya mto, aliyekatwa kirimi na damu ikakataa kukauka. Tulishuka naye hadi kwenye barabara ya Kirotshe tukipokezana mabega, na nguo iliyokuwa chini ya kidevu chake sitaki kuieleza. Alipona. Lakini nilijua kitu kinachokuja kupanda mlima wetu jioni ile.

"Baba," nilisema, "huyu mutoto hatakatwa."

"Nani amekuuliza? Wewe uliishia sixième. Unajua nini?"

Dada yangu, aliyekuwa akichambua maharagwe kwenye kona, hakuinua macho. "Na Baba mudogo aliishia quatrième," alisema polepole, kama anayeongea na maharagwe. Hilo ni darasa la nne, mawili chini ya langu.

Shangazi alicheka, akajifanya anakohoa, halafu akakohoa kweli, kwa sababu moshi ulikuwa umekwisha kukolea. Baba mdogo akakohoa. Jirani akafuta macho, akasema ni Roho anashuka.

Katika hali hiyo ndipo mama mzee alipoingia. Alikuwa mwembamba, na kitu chake kimefungwa kwenye kitambaa chini ya kwapa. Alisimama mlangoni, akajaribu kutusalimia, akakohoa hadi akashika ukuta.

"Humu ndani munachoma nini?"

"Ni dawa, Mama muzee," alisema jirani.

"Dawa ya nani? Ya nyuki?"

"Sasa wote tunakohoa," alisema dada yangu. "Atukate wote, aanzie na wakubwa."

Niliona baba mdogo akigusa koo lake.

Mama mzee aliketi, akapumzisha magoti, akaomba maji. Alipomaliza kunywa, alifungua kitambaa chake juu ya mapaja na kuuliza swali analouliza kila nyumba: "Nani anashika kichwa?"

Kwetu ni hivi. Anayekata hakati mtoto anayeshikwa na mtu yeyote tu. Kichwa kinashikwa na mwenye mtoto, baba au mama, au yule anayekubali mbele ya watu kusimama mahali pao. Na akishika, ameshika. Yeye ndiye atalala na mtoto hadi kidonda kikauke. Yeye ndiye atamlisha uji. Damu ikitoka nyingi, yeye ndiye ataulizwa, na ukoo, na kanisa, na chifu wa kijiji. Mama mzee hataulizwa. Yeye ni mkono tu.

Wote wakanitazama. Mtoto alikuwa mapajani pangu, ndani ya sweta zake. Nikaweka mikono yangu chini ya makalio yangu, nikaikalia.

"Mimi sishiki," nilisema. "Anayetaka akatwe, ashike."

Moshi ulikuwa mwingi, lakini niliwaona vizuri wote, mmoja mmoja.

"Shika, wewe," baba mdogo alimwambia shangazi.

"Mimi? Na huu mugongo? Ni wewe ndugu ya baba yake."

"Mwanaume hashiki kichwa. Tangu wakati gani mwanaume anashika kichwa?" Akamgeukia jirani. "Mama, wewe una mikono ya nguvu."

"Mimi ni jirani tu," alisema jirani, akivuta kitenge chake. "Sisi tunashika kwa maombi."

"Basi muombe na mikono."

"Papa, maombi yanashikwa na macho yakiwa yamefungwa. Nitashika namna gani kitu sioni?"

Wakaenda hivyo, wakimpitisha mtoto wangu kwa maneno kama sufuria ya moto isiyo na mpini. Mama mzee aliwasikiliza hadi akachoka. Akafunga kitambaa chake.

"Munaniita. Ninapanda mulima na haya magoti. Ninafika, munaniambia kichwa hakina mwenyewe."

"Si hivyo, Mama muzee," alisema baba mdogo.

"Njo hivyo. Na kuku yangu?"

Ni desturi yake: akiitwa na kufika, hatoki bure, akate asikate. Baba mdogo alijibu kwanza.

"Kuku inatoka kwa mwenye mutoto."

"Mwenye mutoto ni nani?"

Baba mdogo alininyooshea kidole. Shangazi akaninyooshea kidole. Jirani, aliyekuwa ameanza kufumba macho, aliyafumbua na kuninyooshea mkono mzima.

"Sema na mudomo, Baba," nilisema. "Mama muzee asikie vizuri."

"Ni wewe mwenye mutoto," alisema baba mdogo. "Nani mwingine? Ni wewe baba, ni wewe mama. Lipa kuku."

"Nitalipa."

Mama mzee alirudisha kitambaa chake kwapani. "Mwanaume mama," alisema. "Nimeona mengi." Akanyanyuka, akatoka akikohoa. Wengine hawakukaa. Nyumba isiyokatwa kirimi haipiki chakula cha wageni, na walilijua hilo. Shangazi alirudi kuchukua siagi yake.

Nilitoa mbabula nje, nikafungua dirisha na mlango mpaka nyumba ikanuka tena mvua. Dada yangu alimvua mtoto zile sweta hadi akapata mikono yake. Nilimdondoshea maji ya chumvi, akanipiga teke la kidevu, akapiga chafya, na kamasi zikatoka ambazo sikujua pua ndogo namna ile inaweza kuzihifadhi. Nikampa asali ya msitu wa Walikale katika maji ya uvuguvugu. Niliweka gunia la maganda ya maharagwe chini ya godoro, upande wa kichwa, akalala ameinuka kidogo kama chifu. Alikohoa bado usiku ule, na usiku uliofuata, kila mara kidogo kuliko jana, nami nilitega sikio kwenye mbavu zake kama nilivyoelekezwa. Kisha siku moja niliamka na kukuta kumekucha.

Kuku sijamlipa. Niliyemtenga alibaki nyuma vita vilipofika na tukakimbilia Kitshanga, na wenye bunduki waliopita pale hawakuuliza ni wa nani. Mama mzee tulikutana naye kambini, kwenye foleni ya maji. "Kuku yangu iko namna gani?" aliuliza mbele ya watu wote.

"Iko njiani, Mama muzee."

"Kuku ya kutembea polepole."

Tuliporudi, baba mdogo alisikia habari hiyo, akaona aibu ya ukoo, akaniambia atalipa yeye, jambo liishe. Nilimkatalia kwa adabu zote. Akilipa yeye, kesho mtoto akikohoa atakuja kukumbusha nani alitoa kuku. Sasa nina mtetea mmoja anayeatamia chini ya kitanda. Mayai yakianguliwa, wa kwanza kukua ni wa mama mzee, nami nitampelekea kwa mikono yangu. Mpaka siku hiyo, ninadaiwa.